Nililiosha tawa la mama mkwe, nusura niachike!

Kina mama, kina dada, na nyie kina baba mnaojifanya hamjui kupika, leo sogeeni. Nataka tuzungumzie tawa, kile chuma bapa cha kupikia chapati. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Ndoa yangu ilikuwa na miezi mitatu. Tulikuwa tukiishi Tanga, nyumbani kwa wazazi wa mume wangu, na mama mkwe alikuwa akipika chapati za kuuza. Jiko lake lilikuwa uani, lile la ringi ya gari, na juu yake tawa pana kama sinia ya pilau, jeusi tii, linaloingia chapati nne kwa mpigo. Fedha ya chapati hizo ndiyo iliyokuwa ikilipa ada ya shemeji zangu wawili.

Sasa mwenzenu kila nikilitazama lile tawa naona uchafu mtupu. Jioni moja mama kaenda msibani, nikasema leo nitamwonyesha kuwa mwanawe kaoa mwanamke msafi. Nikachukua mchanga, majivu, sabuni ya unga na stili waya. Nikasugua mpaka mikono ikaota malengelenge na chuma kikang'aa kama sarafu mpya. Nikaliegemeza likiwa bichi karibu na mtungi wa maji, nikaenda kulala na furaha zangu.

Alfajiri natoka uani, namkuta mama kasimama, mikono kiunoni. Tawa lote kutu! Akalifuta, akajaribu hivyo hivyo. Chapati ya kwanza ikaganda, ya pili ikachanika, ya tatu ikawa moshi tu. Wateja wakaguna, mmoja mmoja wakahamia kwa jirani. Unga wa kilo nne, uliokwisha kukandwa, ukaishia kugawiwa majirani.

"Shikamoo mama," nikasema kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Mwanangu, hili hukuliosha. Umelivua nguo."

Weusi si uchafu

Siku hiyo ndipo nilipofundishwa. Ule weusi ni mafuta. Mafuta yakipakwa kidogo sana juu ya chuma cha moto, hubadilika na kushikana, yakawa kama ngozi ngumu isiyotoka kwa maji. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu na ndiyo inayofanya chapati iteleze. Hujengeka kidogo kidogo, kila unapopika. Mama alikuwa ameijenga kwa miaka. Mimi nimeibandua kwa jioni moja.

Basi tukaanza upya. Ukinunua tawa jipya, fanya hivi hivi, maana jipya nalo huwa limepakwa grisi ya dukani ambayo lazima itoke kwanza kwa maji ya moto na sabuni.

Kwanza toa kutu yote kwa mchanga na kumbi la nazi. Suuza, kisha lirudishe motoni papo hapo mpaka likauke kabisa. Chukua nusu kitunguu, kichome kwa uma, kichovye kwenye mafuta ya alizeti na upake tawa zima, pembeni na nyuma pia. Halafu lifute kwa kitambaa kikavu kana kwamba ulikosea kulipaka. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: mafuta yakiwa mengi hayawi ngozi, yanakuwa gundi. Acha moto uwake mpaka moshi uishe. Lipoe kidogo, paka tena. Sisi tulirudia mara nne, na kila mara chuma kikazidi kuwa cheusi.

Moto nao una adabu zake

Usiweke chapati kwa pupa. Nyunyiza matone machache ya maji. Yakitulia na kuchemka taratibu, tawa bado. Yakikimbiakimbia kama shanga, liko tayari kwa chapati. Kwa mayai punguza moto. Sambaza makaa, lakini upande mmoja uwe na machache, ili zilizoiva zisogezwe huko zisiungue.

Chapati ianze kavu, pande zote mbili, mafuta yafuate baadaye. Wale vijana wa Forodhani, Unguja, wanaopika pizza ya Zanzibar, watazame vizuri: hawapelekeshi moto, kwa sababu yai na nyama ya kusaga vimefungwa ndani ya unga na lazima viive kabla ngozi ya nje haijaungua.

Nyanya, ndimu na siki zisikae juu ya tawa muda mrefu. Uchachu wake hula ile ngozi. Pia usimwage maji baridi kwenye chuma chenye moto mkali. Cha bati hupinda, cha kuyeyushwa kinaweza kupasuka.

Ukimaliza kupika, kwangua mabaki kwa mwiko tawa likiwa bado vuguvugu. Likihitaji maji, yawe kidogo na ya moto, na usiliroweke. Likaushe juu ya makaa yanayokufa, lipake mafuta kiduchu, lihifadhi ndani. Sisi wa pwani hewa yetu ina chumvi, na umande wa usiku mmoja unatosha kuleta kutu.

Na mvua ikinyesha, tafadhali, usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na imeua watu usingizini. Bora siku hiyo mle mkate.

Mama alirudi sokoni kesho yake. Chapati za kwanza zilishika shika, tukazila wenyewe na chai ya rangi. Wateja walirudi polepole, na mimi nikapewa kazi ya kulipaka tawa mafuta kila siku.

Tulipohamia Dar es Salaam, mama akanikabidhi mzigo umefungwa kwa gazeti, mzito kweli. Nikafungua: tawa lile lile, jeusi tii. Yeye alikwisha kununua jingine.

"Mwanangu," akaniambia, "huko mjini oga wewe. Hili usiliogeshe."

Tukutane wiki ijayo!