Wakulima wa Zabibu wa Barbaresco

Wanachama wetu wametuuliza tuliona nini kule Italia. Mvinyo hatukuuonja, na wenyeji hawakutulazimisha. Walituandalia mkate na jibini.

Barbaresco ni kijiji kidogo cha jimbo la Piemonte, juu ya mto Tanaro. Nyumba tuliyoizuru kazi zote hufanywa na wenyewe: baba hupogoa mizabibu wakati wa baridi, mama hushika daftari, na binti yao ndiye aliyetushusha ghalani penye mapipa. Mgeni yampasa kutaka miadi, maana anayempokea ndiye huyo huyo mwenye kulima. Zabibu yao ya nebbiolo huchelewa kuiva, na huchumwa kwa mkono. Mvua ya siku za uchumaji huwatia hofu kama itutiavyo sisi wenye karafuu.

Khasa tulitaka kujua habari ya bei. Zamani mkulima mdogo aliuza zabibu zake kwa tajiri, naye tajiri ndiye aliyekata bei, kwani zabibu iliyokwisha kuchumwa haingoji. Mwaka 1894 Bwana Domizio Cavazza, mkuu wa chuo cha mvinyo cha Alba, aliwakusanya wakulima tisa wakasindika pamoja. Ushirika ule ulifungwa katika miaka ya 1920, wakati wa Mafashisti. Mwaka 1958 padri wa kijiji akawaunganisha wakulima 19, wakaanzia kazi chini ya kanisa. Leo wamepata hamsini hivi.

Tulimwuliza mzee mmoja kama fedha za ushirika hazichelewi. Akacheka. Huchelewa, akasema, na nduguye amejitoa kwa sababu hiyo.