Mamilioni ya Ekstraklasa na hesabu zisizofika kibandani

Wapenzi wa mikeka hawahitaji kuelezwa Ekstraklasa ni kitu gani. Kila ifikapo nusu ya pili ya Julai, wakati soka la Uingereza na Hispania bado liko mapumzikoni, ligi kuu ya Poland huwa imeshaanza, na timu za Poznań, Białystok na Częstochowa huonekana kwenye orodha za kubeti za Mwanza na Mombasa sawasawa na timu za nyumbani. Wengi wanaijua kwa matokeo yake yasiyotabirika. Ila ligi hii ni biashara, na kutotabirika huko kuna gharama ambayo kuna watu wanailipa.

Kwa watendaji wa ligi, hesabu huanza na kuishia kwenye namba moja: zloti bilioni 1.3. Hiyo ndiyo thamani iliyotangazwa ya mkataba wa haki za matangazo kwa misimu minne, kuanzia 2023/24 hadi 2026/27, na haijawahi kutokea kubwa kama hiyo katika soka la nchi hiyo. Afisa mmoja anayefuatilia masuala ya fedha za ligi anasema namba hiyo peke yake inatosha kuthibitisha kwamba Ekstraklasa imekua. Anaongeza kwamba mahudhurio nayo yamepanda, kwani msimu wa 2023/24 wastani ulipita watu 11,000 kwa mechi.

Ukiigawa namba hiyo, inapungua makali. Bilioni 1.3 kwa misimu minne ni kama zloti milioni 325 kwa msimu. Klabu ziko 18, hivyo wastani ni milioni 18 kwa kila klabu, sawa na euro milioni nne na kidogo, kabla ya makato na kabla ya kukumbuka kwamba mgao hautolewi sawa kwa sawa. Aliyemaliza juu huchukua zaidi, na aliyepanda daraja juzi huambulia kidogo. Afisa huyo alipoulizwa klabu ya chini inabaki na nini baada ya kulipa mishahara, umeme wa kupasha joto nyasi wakati wa baridi (sharti la leseni hilo, si anasa) na kambi ya Januari huko Uturuki, jibu lake lilikuwa kwamba kila klabu inajua hesabu zake.

Kuna mtu mwingine anayezijua hesabu zake, ila mkutano wa tathmini ya msimu haumhusu. Ni mama mmoja anayeuza skafu, kofia na bendera karibu na uwanja wa Wrocław, upande ambao mashabiki hushukia kwenye tramu. Malalamiko yake ya kwanza ni ratiba. Mechi za raundi moja husambazwa kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu ili kila mechi iwe na muda wake kwenye televisheni: Ijumaa saa kumi na mbili jioni, nyingine saa mbili na nusu usiku, Jumapili saa sita na robo mchana, Jumatatu saa moja jioni. Kwa mtazamaji wa sebuleni mpangilio huo ni neema. Kwake yeye, mechi ya Jumatatu ina maana ya mashabiki wanaofika mbio kutoka kazini na kuingia moja kwa moja uwanjani, na wageni kutoka miji ya mbali ambao hawaji kabisa kwa sababu kesho yake ni siku ya kazi. Wageni wakati mwingine hawaji hata Jumamosi, sekta yao ikiwa imefungwa kwa adhabu au kwa agizo la usalama. Mgeni mwenyewe hanunui skafu ya mwenyeji, anasema, lakini akiwepo wenyeji nao huja kwa wingi na kuvaa rangi zao.

Malalamiko yake ya pili ni mazito zaidi. Skafu huagizwa kiwandani kabla ya msimu na kulipiwa kabla. Masika ya 2024 timu ya mji huo ilikuwa inawania ubingwa hadi siku ya mwisho. Ilimaliza na pointi 63 sawa na Białystok, ikakosa taji kwa matokeo ya mechi walizokutana wenyewe. Anasema mzigo uliisha mapema, na kiangazi, kama wenzake wengi wa eneo lile, aliagiza zaidi ya kawaida yake. Kilichofuata kila mfuatiliaji anakijua. Mapumziko ya Desemba yaliikuta timu ile ile ikiwa mkiani, na Mei 2025 ikashuka daraja katika nafasi ya 17. Skafu za timu iliyoshuka hazina mnunuzi, anasema, na kiwanda hakirudishi fedha.

Nimempa mama huyu nafasi kubwa kwa sababu hasara yake inasimulia msimu wa 2024/25 vizuri kuliko chati za watendaji. Kutoka nafasi ya pili hadi kushuka daraja ndani ya miezi kumi na miwili si ajali ya mpira pekee. Mshambuliaji aliyeongoza ligi nzima kwa mabao 19 msimu wa 2023/24 alimaliza mkataba wake Wrocław na kwenda Qatar. Klabu haikupata hata senti. Ikaingia kwenye mechi za mchujo za Ulaya bila yeye, ikatolewa na timu ya Uswisi katika raundi ya tatu, na milango ya fedha za Ulaya ikafungwa mwezi Agosti.

Fedha hizo si ndogo kwa kiwango cha Poland. Klabu inayofika hatua ya ligi ya Conference League hupewa euro milioni 3.17 kabla ya kugusa mpira, karibu zloti milioni 13 na nusu, kisha euro 400,000 kwa kila ushindi, na milioni 1.3 zaidi ikifika robo fainali. Msimu huo huo Białystok na Warszawa zilifika robo fainali. Ile ya Warszawa ilishinda hata kwenye uwanja wa klabu kubwa ya London, mabao 2-1, ingawa ilikuwa imeshalala 3-0 nyumbani. Kwa hiyo Agosti moja inaweza kuzitenga klabu mbili za ligi moja kwa pengo linalokaribia mgao mzima wa televisheni. Watendaji wanayaita hayo ushindani. Mhasibu wa klabu ndogo ana haki ya kuyaita hatari.

Na Ghuba imeingia kwenye hesabu kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Mfungaji bora wa 2024/25, Mgiriki aliyepachika mabao 28 akiwa Szczecin, aliondoka kiangazi kilichofuata kwenda Saudi Arabia, tena daraja la pili. Misimu miwili mfululizo, kinara wa mabao wa Ekstraklasa ameishia nchi za Ghuba. Klabu ya Poland haiwezi kushindana na mshahara wa Doha, na ushindani hata na daraja la pili la Saudia umekuwa mgumu. Kwa ligi inayojinadi kuwa inapanda, hili lilistahili kuzungumzwa zaidi ya linavyozungumzwa.

Biashara yenyewe ya kuuza wachezaji imekwama mahali pamoja. Mfano unaorudiwa na kila wakala ni wa kijana aliyechukuliwa Pruszków mwaka 2008, akaipa Poznań ubingwa wa 2010 na mabao 18, kisha akauzwa Dortmund kwa takriban euro milioni 4.5. Yaliyofuata katika maisha yake ya soka dunia inayajua. Bei zimepanda tangu wakati huo, lakini zimefika dari. Mwaka 2020 kiungo wa Poznań alikwenda Brighton kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa karibu milioni 11. Januari 2022 kijana wa Szczecin akaenda klabu hiyo hiyo kwa bei inayokaribia hiyo. Mwaka 2024 mshambuliaji wa Częstochowa akauzwa Norwich, na kiwango kilichotajwa kikawa kile kile. Katika miaka hiyo bei za wachezaji Uingereza hazikusimama. Mnunuzi anajua klabu ya Poland ina haraka ya fedha, na hupanga bei kwa kuzingatia haraka hiyo.

Kanuni ya vijana ilikusudiwa kusaidia. Kuanzia 2019/20 kila timu ililazimika kuwa na angalau Mpoland mmoja kijana uwanjani muda wote. Baadaye sharti likageuzwa kuwa dakika 3,000 kwa msimu, na asiyezifikisha alipigwa faini iliyoweza kufika zloti milioni 3. Baadhi ya klabu zilipiga hesabu na kuona faini ni nafuu kuliko kushuka daraja. Kuanzia 2025/26 kanuni imeondolewa.

Lisilopata nafasi kwenye taarifa za mapato ni hazina za miji. Viwanja vingi vya ligi ni mali ya manispaa, vikiwemo vya Wrocław na Gdańsk vilivyojengwa kwa ajili ya Euro 2012, kila kimoja kikiwa na viti zaidi ya 40,000. Klabu ya Wrocław yenyewe ni ya mji, na Lubin mmiliki ni kampuni ya shaba ambayo serikali ndiyo mwenye hisa mkubwa. Afisa wetu wa fedha anasema uwekezaji wa umma katika michezo ni jambo la kawaida Ulaya. Huenda. Hata hivyo diwani anayepitisha bajeti ya shule na tramu ndiye pia anayeongeza mtaji wa klabu iliyoshuka daraja, na jambo hilo halimo kwenye ile bilioni 1.3 inayotajwa kila mara.

Je, mbele kuna nini? Dalili njema ipo. Matokeo ya Ulaya yameipandisha Poland katika orodha ya nchi, na kwa msimu wa 2026/27 itapeleka timu mbili kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa badala ya moja. Kufika hatua ya ligi ya mashindano hayo kunalipa euro milioni 18.62, mara nne ya wastani wa mgao wa televisheni wa klabu ya Poland kwa msimu mzima. Ikitokea timu moja ikapita, itatawala soko la wachezaji wa ndani kwa miaka kadhaa, na sina hakika kama hilo litakuwa jema kwa klabu 17 zitakazobaki. Isipopita, madai ya kukua yatabaki yakitegemea mkataba wa matangazo unaokwisha msimu huo huo. Wanaotarajia mkataba mpya uwe mnono zaidi wanataja viwanja vinavyojaa. Wanaoogopa wanakumbusha kwamba ratiba ya Jumatatu na ya saa sita mchana ilikubaliwa kwa ajili ya mnunuzi wa haki, na kwamba atakayelipa zaidi atataka kuipanga zaidi.

Mama wa Wrocław hajaagiza skafu mpya. Anasema atasubiri aone timu yake inaanzaje, kisha ataagiza kidogo kidogo, ingawa kiwanda hutoza bei ya juu kwa mzigo mdogo.