Mifereji ya Potasiamu katika Limfoma ya Ngozi: Utangulizi

Mgonjwa huja na mabaka yasiyopona, mara nyingi kiunoni, matakoni au mapajani, pale ambapo jua halifiki. Ameshapaka dawa ya fangasi, ameshapaka ya pumu ya ngozi, na miaka imepita. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo huweza kufifia rangi hata yakadhaniwa ni ukoma. Kipande cha ngozi kikitazamwa kwa hadubini ndipo zinapoonekana seli T, askari wa kinga, zimejipenyeza kwenye tabaka la juu. Ni maikosisi fungoidesi, limfoma ya seli T ya ngozi inayoongoza kwa wingi, ambayo daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert aliieleza tangu 1806.

Tuitazame seli hiyo kwa upande wa umeme wake.

Seli T ikiamshwa, huhitaji kalsiamu iingie mfululizo ili jeni za kugawanyika ziwake. Lakini kalsiamu ina chaji chanya: kadiri inavyoingia, ndivyo uhasi wa ndani ya seli unavyopungua na mvuto unavyolegea. Potasiamu hutoka kupitia mifereji yake na kuurudisha uhasi huo, takriban milivoti 50 chini ya sifuri. Mifereji ikizibwa, kalsiamu hukosa wa kuivuta. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waligusisha ncha nyembamba mno ya bomba la kioo kwenye seli T moja ya binadamu, wakaupima mkondo wa potasiamu. Walipotumia kemikali za kuuzuia, seli zilishindwa kuzaliana.

Mifereji inayotuhusu ni miwili. Kv1.3 hufunguliwa na badiliko la umeme, KCa3.1 hufunguliwa na kalsiamu yenyewe. Seli kumbukumbu zinazovamia tishu hutegemea zaidi wa kwanza, ilhali zile za kumbukumbu zinazozunguka baina ya damu na tezi hutegemea zaidi wa pili. Seli za maikosisi fungoidesi hufanana na kundi la kwanza. Za ugonjwa wa Sézary, unaosambaa hadi kwenye damu, hufanana na la pili. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha uwanja huu: huenda magonjwa haya mawili yakahitaji vizuizi tofauti.

Baadhi ya vizuizi vimo kwenye makabati ya dawa tunayoyajua. Klofazimini, dawa ya ukoma, iligunduliwa mwaka 2008 kuwa huzuia Kv1.3, nayo hujikusanya ngozini hadi kuibadilisha rangi. Klotrimazoli, ile krimu ya fangasi, huzuia KCa3.1, na kutokana na umbo lake kilitengenezwa kizuizi teule zaidi, TRAM-34, kisichosumbua vimeng'enya vya ini kama mama yake. Hili halimaanishi kwamba tyubu ya duka la dawa itaponya limfoma, na nasisitiza hivyo kwa ajili ya wagonjwa waliokwisha kucheleweshwa vya kutosha.

Hofu kubwa ni nyingine. Seli T nzima, zinazopambana na saratani hiyohiyo, hutumia mifereji ileile, na maambukizi huua wengi kati ya waliofikia hatua za mwisho. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kizuizi kinaua seli ya saratani, pima mkondo wa potasiamu wa seli hiyo na wa jirani yake mzima, zote kutoka ngozi ya mgonjwa mmoja.