Nani Atafyeka Njia ya Husuni Kubwa?

Mwaka 2014 UNESCO iliyaondoa Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, yalikokaa miaka 10. Fedha za wafadhili zilifika, kuta zikaimarishwa, picha zikapigwa. Limebaki swali ambalo hakuna mfadhili anayelipenda: masika yakiisha, nani atapanda kung'oa miche inayoota juu ya Msikiti Mkuu?

Adui wa gofu huanza mdogo. Ndege huacha mbegu kwenye ufa, mche unachipua, mzizi unanenepa na kuyasukuma mawe ya matumbawe hadi yaachane, kisha mvua inamalizia. Mche wa shibiri moja hung'olewa kwa vidole. Ukiachwa uwe mti, kuung'oa ni kubomoa ukuta, na kuukata peke yake ni kuacha mzizi uoze na tundu libaki mahali pake. Kazi hii haihitaji shahada. Inahitaji watu wengi, panga, na mtu mmoja anayejua lipi liguswe na lipi liachwe.

Njia nazo ni hivyo hivyo. Kutoka ngome ya Gereza, pale ufukweni, mgeni hutembea hadi Msikiti Mkuu, kisha jumba la Makutani, na akiwa na pumzi huenda zaidi ya kilomita moja hadi Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyetawala wakati Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Vichaka vikiziba njia, hapiti mtu. Asipopita mtu, ufa hauonekani mpaka uwe shimo. Siku hizi magofu haya yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Mnyama utakayemwona kwa urahisi huko ni mbuzi, na kwa kweli kazi ya kupunguza majani anaifanya bila posho.

Penye ukuta wenyewe, nia njema pekee ni hatari. Waliojenga Kilwa walitumia mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa papo hapo pwani. Chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe; hufungia maji na chumvi ndani, na jiwe huanza kumomonyoka nyuma ya kiraka kinachong'aa. Mfuko mmoja wa saruji mikononi mwa mtu mwenye huruma unaweza kufanya ambacho bahari haijakifanya kwa miaka 600. Kwa hiyo mwashi anayeijua chokaa asiitwe mtu wa kujitolea. Ni fundi, na fundi hulipwa.

Ufaransa kuna umoja wa vyama uitwao REMPART, ulioanzishwa mwaka 1966, ambao huwapeleka vijana likizoni kukarabati ngome na makanisa ya vijijini. Vijana hao huchangia fedha zao ili waruhusiwe kubeba mawe. Mpango ni mzuri, ila unamhusu mtu ambaye chakula cha jioni kimeshapatikana. Mvuvi wa Kilwa Kisiwani akishinda gofuni, siku hiyo hakuna kitoweo. Kumwambia ajitolee kwa ajili ya urithi wa dunia nzima, huku dunia yenyewe ikija na kamera, ni kumtoza kodi kwa jina la kistaarabu.

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tunaujua, na watu huuitikia pale wanapoiona faida: barabara ya kijiji, darasa, kisima. Basi sehemu ya kiingilio ibaki kisiwani, waziwazi, kila mtu aione. Waashi wa chokaa wapewe mshahara wa mwaka mzima badala ya semina. Hapo kijiji kikiitwa kufyeka njia siku moja baada ya masika, kitakuwa kinafyeka njia yake. Bila hayo, magofu yatarudi kwenye orodha ile ya urithi ulio hatarini, nasi tutaandika upya andiko la kuomba fedha.