Mahali pa Kulaza Bunduki Iliyokwisha Kusafishwa

Katika milima ya Kisii na Nyamira hakuna mwezi upitao bila mvua, na mahali pengi mvua ya mwaka hupita milimita 1,500. Mvua hiyo ndiyo iliyoipa nchi migomba yake, majani yake ya chai na pareto yake. Lakini chuma hakiipendi. Jembe lililosahauliwa nje usiku mmoja huonekana asubuhi limepata rangi ya udongo. Bunduki ya marisau yenye mitutu miwili nayo ni chuma, tena chuma kilichosuguliwa kikawa laini sana ndani. Na hata mwenyewe akiisafisha kwa bidii kwa mdeki na kitambaa, taabu yake yote yaweza kupotea kwa ajili ya mahali alipoiweka baadaye.

Jambo la kwanza si mafuta, bali ni macho. Bunduki hii ina mitutu miwili, na mara nyingi mpigaji hutumia risasi moja tu, akarudi nyumbani akidhani kazi imekwisha, kumbe mtutu wa pili umebaki na risasi yake. Kwa hiyo bunduki hufunguliwa shingoni, na mitutu yote miwili hutazamwa kuelekea kwenye mwanga, mmoja baada ya mwingine, kabla haijaguswa kwa kitambaa na tena kabla haijafungiwa. Asiyetazama mara mbili haifai awe na bunduki nyumbani.

Baada ya kusafisha, bunduki hupakwa mafuta mepesi, kiasi cha kuacha utando tu. Watu wengi hudhani kwamba mafuta yakizidi ulinzi nao huzidi, na hilo ni kosa. Bunduki iliyosimamishwa kwa kitako pembeni mwa chumba huteremsha mafuta yake polepole. Nayo hupita katika mtambo, yakachanganyika na vumbi na kuwa kama gundi, kisha huingia katika mti wa kitako. Mti ulionyweshwa mafuta kwa miaka huwa mweusi na laini pale unapokutana na chuma, na siku moja hupasuka kwa kishindo cha risasi. Afadhali bunduki isimamishwe midomo chini juu ya kitambaa kikavu kwa siku moja au mbili, mafuta yaliyozidi yapate kutoka, au ilazwe ubavu. Na mwisho wa kazi chuma chote hupanguswa, kwa kuwa jasho la vidole lina chumvi, na alama ya kidole ya leo ndiyo kutu ya wiki ijayo.

Wale wakaao sehemu za juu, kama Borabu na Kiabonyoru, wana adui mwingine. Bunduki iliyotoka katika baridi ya alfajiri ikaingizwa katika chumba chenye moto hutoka jasho kama chupa ya maji baridi. Ikipakwa mafuta wakati huo, maji hufungiwa chini ya mafuta. Yafaa iachwe kwanza ipate joto la chumba, ipanguswe ikauke, ndipo ipakwe.

Desturi mbili zinazodhaniwa kuwa njema zinahitaji kuachwa. Moja ni kuilaza bunduki ndani ya mfuko wake wa ngozi. Mfuko ni wa safari tu. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kuushika, na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma. Nyingine ni kuitundika darini juu ya meko. Kweli moshi hukausha mahindi na kufukuza wadudu, lakini masizi yana ukali wa tindikali, na mvuke wa sufuria hupanda pamoja nayo.

Wengine huziba midomo ya mitutu kwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Hao nao huufungia unyevu ndani, na hatari iliyo kubwa zaidi ni kukisahau kitambaa chenyewe. Mtutu ulioziba, uwe umezibwa na kitambaa, tope au kiota cha nyigu afinyangaye udongo, hupasuka unapopigwa, na vipande vyake huruka karibu na mkono wa kushoto na uso. Nyigu huyo hupenda sana matundu membamba yaliyotulia, na bunduki isiyoguswa kwa miezi ni nyumba nzuri kwake.

Risasi hazilali pamoja na bunduki. Hukaa mahali pakavu, katika sanduku lake lenye ufunguo wake. Risasi iliyopata unyevu yaweza kulia kwa unyonge na kuacha kizibo chake katikati ya mtutu. Mpigaji asiyetazama akitia nyingine, yatakuwa yale yale ya mtutu ulioziba. Zaidi ya hayo, risasi za namba 20 zisichanganywe kamwe na za namba 12. Ile ya namba 20 ni nyembamba. Huteleza ikapita mahali pake na kukwama mbele, na namba 12 hupata nafasi ya kuingia nyuma yake.

Bunduki yenyewe hutakiwa kufungiwa katika sanduku la chuma lililokazwa ukutani, na ufunguo usitundikwe msumarini ambapo kila mtoto anauona. Sheria ya Silaha ya Kenya inamtaka mwenye leseni aiweke bunduki na risasi zake salama wakati wote, zisipatikane kwa mtu asiyeruhusiwa, na zikipotea au zikiibwa atoe habari kwa polisi. Mke, ndugu na mtoto aliye mtu mzima nao ni watu wasioruhusiwa, kama hawana leseni yao wenyewe. Serikali haikulichukulia jambo hili kwa wepesi: Desemba 2018 Dkt. Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, naye ni mzaliwa wa Nyamira, aliagiza raia wote wenye leseni za bunduki wachunguzwe upya kwa muda wa siku 90.

Ndani ya sanduku la chuma hewa haitembei, kwa hiyo vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu husaidia, mradi vikaushwe au vibadilishwe vinapojaa. Bunduki itolewe ikaguliwe kila mwezi, na wakati wa masika kila wiki mbili. Kabla ya kwenda kuipiga, kitambaa kikavu hupitishwa katika mitutu yote miwili kuondoa mafuta, na mwenyewe huitazama tena kuelekea kwenye mwanga.