Hati ya Ramani ya Kompyuta: Muundo na Matumizi Yake katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza muundo wa faili iitwayo hati ya ramani, ambayo jina lake huishia kwa herufi mxd. Faili za aina hii zilianza pamoja na programu ya ArcMap, iliyotolewa na kampuni ya Esri ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, nazo zimeenea katika ofisi, vyuo na makampuni ya madini. Mifano imechukuliwa kutoka Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu mwaka 2015. Katika mji huu mipaka ya migodi na mipaka ya mitaa ya watu hukaribiana mno, hata ramani iliyofunguliwa vibaya huweza kuzua mgogoro.

2. Yaliyomo na yasiyokuwamo

Wengi hudhani kwamba hati ya ramani ndiyo ramani yenyewe. Dhana hiyo si sahihi. Ndani ya hati hakuna barabara, wala mto, wala shimo la mgodi. Hati huhifadhi maelezo tu: orodha ya matabaka na mpangilio wake, rangi na alama za kila tabaka, maandishi, kipimo cha ramani, na sura ya ukurasa utakaochapishwa. Data zenyewe hukaa katika faili nyingine, na hati hutaja tu mahali zilipo.

Mwanaleksikografia ataielewa hali hii kwa urahisi. Hati ya ramani ni mithili ya kamusi ambayo kila kidahizo chake kina neno moja tu, «taz.», likifuatiwa na jina la kitabu kingine. Kamusi ya namna hiyo ina faida: ni nyepesi, na kitabu kikisahihishwa, msomaji hupata masahihisho papo hapo. Lakini kitabu kikiondolewa rafuni, kidahizo hubaki bila maana.

3. Suala la anwani

Mahali pa data huweza kuandikwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni anwani kamili, inayoanzia kwenye jina la diski na kutaja kila folda hadi faili inayotakiwa. Ya pili ni anwani husishi, inayohesabiwa kuanzia folda ilimo hati yenyewe. ArcMap, isipoelekezwa vingine, hutumia anwani kamili.

Tuseme mwanafunzi anachora ramani ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu mwaka 2014. Ana matabaka matatu: nyumba, barabara na mipaka ya vibali vya uchimbaji. Akinakili hati peke yake na kumpelekea mwalimu, mwalimu ataona majina ya matabaka yakiwa na alama nyekundu ya mshangao, na ukurasa mtupu. Hatari ni kubwa zaidi pale kompyuta ya mpokeaji inapokuwa na faili ya zamani yenye jina na anwani ileile. Hapo ramani itafunguka bila kulalamika, ila itaonyesha mipaka ya jana.

Dawa yake ni kuchagua anwani husishi, kuweka hati na data katika folda moja, na kuisafirisha folda nzima. Tangu toleo la 10 la mwaka 2010, inawezekana pia kufunga hati na data pamoja katika faili moja ya aina ya mpk.

4. Suala la vipimo vya dunia

Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, hugawa ardhi katika miraba isiyogawanyika. Kila mraba, uitwao kwa Kifaransa carré, una hekta 84.955, yaani pande zenye urefu wa mita 920 hivi. Vibali hutolewa kwa miraba mizima, na kuandikwa katika daftari la Cadastre Minier.

Ramani za kale za Katanga zilitegemea vipimo vya mwaka 1955, ambavyo umbo la dunia walilolikadiria si lile linalotumiwa na vyombo vya setilaiti leo. Latitudo na longitudo zilezile, zikisomwa kwa mfumo wa kale na kisha kwa mfumo mpya, hutaja mahali pawili vilivyotengana kwa zaidi ya mita 100. Umbali huo huweza kuwa ndio tofauti kati ya nyumba iliyo nje ya kibali na nyumba iliyo ndani yake.

Hati ya ramani huhifadhi mfumo wa kuonyeshea na kanuni ya kugeuza vipimo. Hata hivyo, mfumo wa data yenyewe hutajwa katika data; kwa faili za aina ya shp, hutajwa katika faili ndogo ya prj. Faili hiyo ikisahaulika, programu haina njia ya kujua ni vipimo gani vilivyotumika.

5. Umri wa hati

Hati ya mxd haisomeki kwa jicho, kwani imeandikwa kwa namba za mashine. Aidha, hati ya toleo la 10 haifunguki katika toleo la 9.3, isipokuwa mwandishi ametoa nakala ya toleo hilo. ArcGIS Pro huweza kuipokea hati ya mxd, lakini huihifadhi kwa umbo lake jipya, aprx. Esri ilitangaza kwamba msaada wake kwa ArcMap ungekoma Machi 2026. QGIS, programu isiyolipiwa, haifungui mxd moja kwa moja. Hati zake za qgs ni maandishi ya kawaida yanayoweza kusomwa na yeyote.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hati ya ramani ni mwongozo wa kusomea data, wala si data. Kwa hiyo, anayepokea ramani ya mgodi au ya lahaja hana budi kuuliza mambo matatu: data ziko wapi, ni za tarehe gani, na zilipimwa kwa mfumo upi. Mkazi wa Kolwezi anayeonyeshwa mpaka kwenye kioo cha kompyuta anayo haki ya kuuliza maswali hayohayo.