Mama Yupo Dirishani, Kompyuta Inasema Hayupo

Karani aliandika jina kwa herufi ndogo, kompyuta ikajibu kwamba mwanachama huyo hayupo. Mwenyewe alikuwa amesimama dirishani, kijitabu cha akiba mkononi, kingo zake zimelegea kwa kushikwashikwa. Nilikuwa nimekaa nyuma ya karani. Siku hiyo ndiyo tuliyowasha programu yangu ya mikopo juu ya kanzidata mpya, na nilijua papo hapo kosa ni langu.

Kanzidata ni ghala. Kurasa unazoziona kwenye skrini hazitunzi kitu. Kila ukibofya, programu hutuma ombi ghalani na kuletewa jibu. Programu yangu, niliyoiandikia chama kimoja cha akiba na mikopo, ilikuwa ikitumia kanzidata ya MySQL, iliyoanzia Sweden mwaka 1995 na kupewa jina la My, binti wa mmoja wa waanzilishi wake, Michael Widenius. Chama cha pili kilipoitaka, fundi wao alikuwa amezoea PostgreSQL, iliyotokana na mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nikawaahidi wiki mbili. Zote mbili zinatumia SQL, nikaona lugha ni moja.

Ni moja kama Kiswahili cha Unguja na cha Lubumbashi kilivyo kimoja: mnaelewana vizuri, mpaka mfike kwenye neno ambalo kila mmoja ana maana yake. MySQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, ikitafuta jina haijali herufi kubwa wala ndogo; “asha” na “ASHA” kwake ni mtu mmoja. PostgreSQL hulinganisha herufi kwa herufi. Na haikwambii umekosea. Inasema tu hajapatikana, karani anaamini, na mwenye akiba yake anarudishwa nyumbani. Hilo ndilo linaloniogopesha katika kazi hii.

Kosa la pili lilikuwa na adabu zaidi. Tuliingiza wanachama wa zamani pamoja na namba zao. PostgreSQL hutoa namba mpya kwa kihesabio kinachokaa kando ya jedwali, na watu wakiingia na namba zao mkononi, kihesabio hakisogei. Mwanachama mpya wa kwanza akapewa namba 1, namba ya mzee mwasisi. Kanzidata ikakataa kabisa kumwandika. Nilikirekebisha kihesabio kabla ya chakula cha mchana.

Dawa si kuandika programu mara mbili. Maombi yaliyotawanyika kwenye kila ukurasa niliyakusanya mahali pamoja, kila kanzidata ikawa na mkalimani wake, na jina sasa hugeuzwa herufi ndogo pande zote mbili kabla ya kulinganishwa. Kisha nikaandika majaribio yanayopita kwenye kanzidata zote mbili kila ninapogusa mstari. Zile wiki mbili zikawa miezi mitatu. Fundi anayetangaza kwamba programu yake inakubali kanzidata tano, huku anaijaribu kwa moja, anacheza na fedha za watu.

Siku ile nilimwambia karani aandike jina upya, aanze na herufi kubwa. Likatokea.

“Mwanangu, hela zangu zimo?” mama akauliza.

“Shikamoo mama, zimo.”

Niligeuza skrini imwelekee. Akafungua kijitabu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, tukaanza kulinganisha, mwezi kwa mwezi.